Woodrow Lloyd: Mwalimu Aliyemaliza Kazi ya Mwenzake

Mwaka 2004 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, liliwaomba wananchi wa nchi ile wamchague Mkanada aliye bora kuliko wote waliopata kuishi. Ushindi ulikwenda kwa Tommy Douglas, mchungaji wa Kibaptisti aliyeingia katika siasa na kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961. Ukiwauliza Wakanada sababu ya kumchagua, wengi watakujibu kwa neno moja: matibabu. Huyo, watasema, ndiye aliyetuletea bima ya matibabu kwa kila mtu.

Sina ugomvi na kura ile. Douglas alikuwa mtu mkubwa. Lakini mimi nimefundisha kwa miaka mingi, na kazi ya ualimu humzoesha mtu kuuliza ni nani hasa aliyekuwamo darasani siku ya mtihani. Tarehe 1 Julai 1962, siku bima ile ilipoanza kufanya kazi na madaktari wa Saskatchewan wakafunga milango yao, Douglas hakuwa tena kwenye kiti cha Waziri Mkuu. Alikuwa ameondoka karibu miezi minane kabla. Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mtu mkimya, mwalimu mkuu wa zamani katika mji mdogo wa Biggar, jina lake Woodrow Stanley Lloyd. Nje ya jimbo lake ni wachache wanaolijua jina hilo. Habari zake ndizo ninazotaka kumsimulia msomaji.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Saskatchewan ni mojawapo ya majimbo 10 ya Kanada, nayo kusini kwake ni nchi ya tambarare na mashamba ya ngano yasiyo na mwisho machoni. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 651,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi mbili ya Tanzania, lakini wakati wa mambo haya watu wake walikuwa hawajafika milioni moja. Katiba ya Kanada ya 1867 iliyaachia majimbo mambo ya elimu na hospitali. Kwa hiyo Waziri Mkuu wa jimbo si mtu wa kupokea amri kutoka juu na kuzitekeleza. Ana Bunge lake, kodi zake na sheria zake, na akitaka kujaribu jambo ambalo taifa zima halijathubutu kulijaribu, anaweza.

Lloyd alizaliwa tarehe 16 Julai 1913 katika jamaa ya wakulima huko Webb, kusini-magharibi mwa jimbo. Alianza masomo ya chuo kikuu, lakini fedha zikakatika, akaenda chuo cha ualimu. Wale waliopata kusimamia vyuo vya ualimu watanielewa nikisema kwamba wanafunzi wa namna hii huwa wa aina mbili. Mmoja hukaa chuoni akinung'unikia alichokikosa, na mwingine huamua kwamba maadamu amekuja, basi atakuwa mwalimu kweli kweli. Lloyd alikuwa wa aina ya pili. Alifundisha shule za vijijini, akaoa mwalimu mwenzake, akaendelea kujisomea akiwa kazini hadi akapata shahada.

Miaka aliyoanza kazi ilikuwa miaka ya shida kubwa. Bei ya ngano, ambayo kabla ya 1930 ilikuwa juu ya dola moja kwa busheli, ilianguka hadi chini ya senti 40 mwaka 1932. Juu ya hayo kukaja ukame, upepo ukapeperusha udongo wa mashamba mpaka mchana ukawa giza. Kila kishule cha kijiji kilikuwa na bodi yake, na bodi ililipa mshahara kwa kodi ya wakulima wake. Wakulima walipokosa, mwalimu naye alikosa. Walimu wengi walipewa karatasi za ahadi kwamba watalipwa siku mambo yatakapotengemaa. Wengine walifundisha kwa chakula na mahali pa kulala.

Katika hali hiyo walimu wa Saskatchewan waliunda chama chao, na Lloyd akawa miongoni mwa viongozi wake, kisha rais wake mwanzoni mwa miaka ya 1940. Naomba msomaji aliweke hili moyoni, kwa maana tutalirudia. Mtu ambaye baadaye alikuja kupambana na chama cha wataalamu alikuwa yeye mwenyewe kiongozi wa chama cha wataalamu. Alijua kwa nini watu wa kazi moja hushikana mikono dhidi ya mwenye kulipa mshahara.

Uchaguzi wa Juni 1944 uligeuza mambo. Chama cha Co-operative Commonwealth Federation, kwa kifupi CCF, chama cha wakulima, wafanyakazi na walimu waliofuata siasa ya ujamaa wa kidemokrasia, kilipata viti 47 na wapinzani wao viti 5. Ilikuwa serikali ya kwanza ya namna hiyo katika Amerika ya Kaskazini. Douglas akawa Waziri Mkuu. Lloyd, aliyechaguliwa kutoka Biggar, akakabidhiwa Wizara ya Elimu akiwa na umri wa miaka 30.

Alikaa katika wizara ile hadi 1960. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ngumu, kwa sababu iligusa kitu ambacho wanakijiji walikipenda. Jimbo lilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa na shule moja ya chumba kimoja, mwalimu mmoja, na bodi ya watu watatu. Lloyd aliziunganisha katika maeneo makubwa, ili eneo tajiri lisaidie lililo maskini, mwalimu awe na uhakika wa mshahara, na mtoto wa mkulima aweze kufika sekondari. Wengi walimlaumu kwamba anawapokonya shule yao. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kijiji kikipoteza shule hupoteza ukumbi wake wa mikutano, mahali pa sherehe zake, na mara nyingi hata mtu pekee aliyekuwa na vitabu. Lakini Lloyd alikuwa ameishi na zile karatasi za ahadi. Alijua kwamba shule inayopendwa na isiyoweza kumlipa mwalimu wake ni shule kwa jina tu.

Wakati yeye akihangaika na shule, Douglas, ambaye hadi 1949 alikuwa pia Waziri wa Afya, alikuwa akihangaika na hospitali. Utotoni Douglas aliugua mfupa wa mguu huko Winnipeg, na kwa kuwa wazazi wake hawakuwa na fedha, madaktari walikuwa tayari kuukata. Daktari bingwa mmoja aliuokoa bila malipo, kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Douglas hakusahau kwamba alitembea kwa miguu miwili kwa sababu ya bahati. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo lake likawa la kwanza katika Amerika ya Kaskazini kuwa na bima ya hospitali kwa wote, kwa mchango wa dola 5 kwa mtu kwa mwaka na usiozidi dola 30 kwa jamaa nzima. Gharama za madaktari nje ya hospitali ziliachwa kwanza, kwa kuwa fedha hazikutosha. Ni baada ya serikali kuu ya Kanada kuanza kuchangia gharama za hospitali mwaka 1958 ndipo Saskatchewan ilipopata nafasi. Mwaka 1959 Douglas akatangaza kwamba sasa zamu ya madaktari imefika. Akagombea uchaguzi wa 1960 kwa neno hilo, na akashinda.

Hapo ndipo mambo yalipochukua njia isiyotarajiwa. CCF ilikuwa inaungana na vyama vya wafanyakazi kuunda chama kipya cha taifa, New Democratic Party, na Agosti 1961 Douglas akachaguliwa kuwa kiongozi wake. Mwezi Novemba, sheria ya bima ya matibabu ikiwa ndiyo kwanza inapita Bungeni, akajiuzulu uwaziri mkuu na kuondoka. Mtu aliyekuwa na ulimi wa dhahabu, aliyeweza kuwachekesha hata wapinzani wake, alikwenda kwenye jukwaa kubwa zaidi. Kazi ikabaki kwa mwalimu.

Lloyd hakuwa msemaji wa kuwasha moto. Alizungumza kama mtu aliyetayarisha somo lake usiku na anayetaka lieleweke. Sheria ilikuwa ianze 1 Aprili 1962. Akaisogeza hadi 1 Julai ili pawe na muda wa kuzungumza. Tarehe 3 Mei akafanya jambo ambalo viongozi wengi wangelikwepa: alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa madaktari mjini Regina, mamia ya madaktari wamejaa ukumbini, akawaeleza kusudi la serikali yake na akawasihi washirikiane. Alipomaliza, mwenyekiti wao, Daktari Harold Dalgleish, aliwataka wale wasiokubali kufanya kazi chini ya sheria ile wasimame. Wakasimama karibu wote. Nimesimama mbele ya mikutano ya wazazi wenye hasira, na hata ile ilinitosha. Sijui ni wangapi kati yetu ambao baada ya kuona ukumbi mzima umeinuka dhidi yao wangerudi ofisini kesho yake na kuendelea na kazi.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kuanzia 1 Julai sehemu kubwa ya madaktari wa jimbo walifunga ofisi zao, wakaacha huduma za dharura katika hospitali chache. Katika siku ile ya kwanza mtoto wa miezi tisa alifariki wazazi wake wakiwa barabarani wakimtafutia daktari. Kama angepona hata daktari angekuwa karibu, hakuna awezaye kusema kwa yakini. Lakini jimbo zima lilisikia habari ile, na kila mzazi alijiuliza ni nani mwenye kosa. Magazeti mengi ya huko yaliishambulia serikali. Kamati za wananchi zilizojiita walinzi wa madaktari wao zilizuka mjini na vijijini. Ross Thatcher, kiongozi wa upinzani, alidai Bunge liitishwe, na alipoukuta mlango wa ukumbi umefungwa aliupiga teke mbele ya wapiga picha. Maneno kama ukomunisti na udikteta yalitupwa huku na huku.

Haki inadai niwasikilize madaktari nao. Hawakuwa wezi. Wengi wao walitibu maskini kwa miaka bila kudai kitu, katika nchi ambayo wakati wa baridi gari hukwama thelujini usiku wa manane. Walihofia kwamba serikali ikiwa ndiyo mlipaji pekee, itakuwa bwana pekee, na kwamba siku moja mwanasiasa ataamua mgonjwa atibiwe vipi. Baadhi yao walitoka Uingereza, ambako matibabu yaliwekwa chini ya serikali mwaka 1948, na hawakupenda walichokiona. Mtu aliyefanya kazi serikalini hawezi kuicheka hofu hiyo.

Jibu la Lloyd ndilo linalonifanya nimheshimu. Hakutunga sheria ya kuwalazimisha madaktari kurudi kazini, wala hakuwafungulia mashtaka. Serikali yake ilitafuta madaktari wa kujazia pengo kutoka Uingereza na kwingineko. Wananchi waliotaka bima wakaanzisha zahanati zao za ushirika. Ile ya Saskatoon ilifunguliwa siku za mwanzo kabisa za mgomo na madaktari wawili wanawake, Margaret Mahood na Joan Witney-Moore, waliokubali kununiwa na wenzao. Zaidi ya hayo, Lloyd alingoja. Tarehe 11 Julai wapinzani waliitisha maandamano makubwa mbele ya jengo la Bunge mjini Regina, wakitarajia makumi ya maelfu ya watu. Waliofika walikuwa kama 4,000 au 5,000. Wakulima wengi walibaki mashambani mwao. Ukimya wao ulikuwa kura.

Ndipo akaingia mpatanishi, Lord Stephen Taylor, daktari Mwingereza aliyeshiriki katika kujenga mfumo wa matibabu wa nchi yake. Husimuliwa kwamba malipo aliyoomba yalikuwa safari ya kuvua samaki. Taylor alikuwa akienda kwa madaktari na kurudi kwa mawaziri, akichukua maneno ya huku na kuyapeleka kule, kwa kuwa pande mbili zilikuwa zimefika mahali pa kutoweza kukaa chumba kimoja. Tarehe 23 Julai 1962 mapatano yakatiwa sahihi Saskatoon. Mgomo ulikuwa umechukua siku 23.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Lloyd aliinama. Madaktari waliruhusiwa kubaki nje ya mpango wakitaka, au kutumia mashirika yao ya bima kama njia ya kupokea malipo. Waliendelea kulipwa kwa kila huduma, wala hawakugeuzwa kuwa watumishi wa mshahara. Walipewa viti katika tume ya kusimamia bima. Baadhi ya wafuasi wake waliona amewapa mno. Lakini kwenye kiini hakuachia hata shubiri moja: kila mkazi amo, na hakuna atakayekataliwa kwa sababu ya umaskini. Mwalimu mzuri hujua ni sehemu gani ya somo inayoweza kuachwa kipindi kikiisha, na ni ipi ambayo ikiachwa hapakuwa na somo.

Bei yake aliilipa. Aprili 1964 wananchi walipiga kura, na kwa tofauti ndogo mno ya kura CCF ikaanguka baada ya miaka 20 madarakani. Thatcher, yule wa mlango, akawa Waziri Mkuu. Na hapa historia ina mzaha wake: Thatcher hakuifuta bima ile. Baadaye aliongeza ada za kumwona daktari, lakini kuivunja hakuthubutu, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuizoea. Mwaka huo huo wa 1964 tume ya kitaifa chini ya Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatchewan na wa chama cha kihafidhina, iliitazama kazi ya jimbo lile na kupendekeza Kanada nzima iifuate. Sheria ya taifa ikapitishwa 1966. Kufikia mwanzo wa 1971 majimbo yote 10 yalikuwa yamejiunga.

Lloyd aliongoza upinzani hadi 1970, akaacha siasa, akaenda kufanya kazi ya Umoja wa Mataifa huko Korea ya Kusini. Alifariki Seoul tarehe 7 Aprili 1972, akiwa na miaka 58. Mwezi huo huo Yukon, eneo la mwisho la Kanada lililokuwa nje ya mpango, liliingia.

Kwa nini mzee wa Tanzania aandike habari za mtu huyu? Katika miaka yangu ya kusimamia chuo nilipokea barua nyingi za kuomba mkopo juu ya mshahara. Wakufunzi, wapishi, madereva, walinzi, wote waliandika kwa namna yao. Aghalabu sababu ilikuwa moja: mgonjwa nyumbani. Mama anapasuliwa, mtoto amelazwa, dawa hazipatikani ila kwa kununua. Nilizisaini barua zile moja moja, nikijua kwamba mshahara unaofuata umekwisha kuliwa kabla haujafika. Nchi yetu ilipopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, nilizikumbuka barua zile. Kupitisha sheria ni siku moja. Baada ya siku hiyo huja miaka ambayo mtu fulani, pengine asiye na ulimi mtamu, atatakiwa kukaa mezani na wale wasioitaka, kuwasikiliza, kuwapa kinachoweza kutolewa na kushikilia kisichoweza kuachwa.

Katika shule tunawakumbuka waliojenga. Jina la mwasisi huandikwa ukutani. Yule aliyekuja baada yake, akakuta paa linavuja, wazazi wanagombana na stoo haina chaki, na bado akahakikisha watoto wanafanya mtihani, huyo hupata picha moja katika korido, naye wanafunzi wapya hawamjui. Simlalamikii mwasisi. Pasipo Douglas, Lloyd asingekuwa na kitu cha kumalizia. Lakini pasipo Lloyd, Douglas angekumbukwa kwa hotuba nzuri na sheria iliyovunjika ndani ya mwezi mmoja.

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Mwalimu wa Biggar alitenda, akashindwa uchaguzi, akaenda zake, tena mbali, hadi Korea. Leo Mkanada akiugua huenda kwa daktari na kadi yake mfukoni, wala haimpasi kujua ni nani aliyekaa kwenye kiti kile katika siku zile 23.